Shangazi Hakusema Ukame

Sauti yangu ndiyo inayonilisha. Kama unaishi Dodoma na umewahi kusikia gari la matangazo likipita Ipagala asubuhi, likisema duka la mabati limefunguliwa, au mkutano wa injili unaanza Jumatano, au ng'ombe wapelekwe chanjo, basi umeshanisikia, hata kama ulikuwa unanitukana kwa kelele. Ni sauti nene, nimeirithi kwa baba. Kwa hiyo nilipopigiwa simu na kijana mmoja wa Dar es Salaam anayetengeneza filamu, akaniambia anatafuta sauti ya mtu mzima, Mgogo, ya kusimulia filamu kuhusu Vita vya Kwanza vya Dunia hapa nyanda za kati, nilimkubalia kabla hajamaliza kujitambulisha.

Binti yangu alikuwa nyumbani siku hiyo, chuo kimefungwa. Akacheka. "Baba, kwani vita ya dunia ilifika Dodoma?"

"Wewe si umesoma historia?"

"Nimesoma, na alama nzuri nikapata. Lakini si ilikuwa Ulaya?"

Nikamwambia afumbe macho, aniambie anaona nini nikisema vita ya dunia. Akafumba. Akaona theluji. Akaona makoti marefu, mahandaki yenye matope, ndege zinaanguka zinawaka, na mzungu mmoja mwembamba anamwandikia mchumba wake barua. Nikamuuliza, mtu mweusi yuko wapi humo? Macho bado kayafumba, akasema, "Labda mpishi."

Hasira zilinipanda mpaka nikasimama. Sikumkasirikia yeye. Nani amewahi kumwonyesha kingine? Yale ya vitabuni aliyajibia mtihani, akayasahau wiki iliyofuata kama sisi sote tulivyofanya. Picha za kwenye skrini ndizo zilizobaki. Na mmoja wa watu walioimwaga hiyo theluji vichwani mwa watu wa mkoa huu ni mimi mwenyewe, baba yake. Hilo sikumwambia siku ile.

Miaka ya tisini nilikuwa mtafsiri wa mikanda Kibaigwa. Vijana wa leo hawaijui hii kazi, ngoja niieleze. Kibanda cha mabati, mabenchi ya mbao, runinga moja mbele, jenereta nyuma. Wateja ni wapakiaji wa magunia, madereva wa malori, madalali wa mahindi wanaosubiri bei ipande. Filamu ni ya Kiingereza na wao Kiingereza hawakijui, kwa hiyo anasimama mtu pembeni ya runinga na maikrofoni, anawaambia nini kinasemwa. Mtu huyo nilikuwa mimi, na Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji. Nilichokosa kukisikia nilikitunga. Askari akianguka kwenye theluji, anamshika mwenzake kola, midomo inamtetemeka, mimi nasema: "Mwambie mama mahindi yangu yapo kwa dalali, asikubali bei ya leo!" Kibanda kizima kinapiga miluzi. Nilipendwa, jamani, wacha nisijifiche. Mikanda ya vita ndiyo iliyojaza watu kuliko yote, na kwa miaka kadhaa watu wa Kibaigwa walijifunza vita vya dunia kutoka mdomoni mwangu.

Jumapili moja mchana bibi yangu, mama mzaa baba, alikuja sokoni kuuza karanga. Alipomaliza akaja kunisubiri kibandani turudi wote kijijini. Wakampisha benchi la mbele. Hakuwa amewahi kuona filamu maishani mwake. Alitazama muda mrefu, kitenge kakikunja magotini, halafu akaniuliza kwa Kigogo, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita mbuzi: "Hawa wanakula nini? Nani anawabebea chakula?"

Nikachekelea kwenye maikrofoni. Nikawageukia watu. "Bibi yangu anauliza wapagazi wako wapi! Bibi, hawa wana malori, hawa siyo Wagogo!"

Kibanda kilipasuka kwa kicheko. Bibi akainuka, akaweka ngata kichwani, akajitwika karanga zilizobaki, akatoka. Alirudi kijijini peke yake kwa miguu. Mpaka anakufa hakulitaja tena, nami sikumwomba radhi. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu na maikrofoni mkononi, watu wananiita fundi. Nilijiona nimefika.

Sasa sikiliza bibi huyo alikuwa nani, uone ujinga wangu ulivyokuwa mpana. Baba yake alichukuliwa na Wajerumani kubeba mizigo ya jeshi, hakurudi, wala hakuna anayejua alizikwa wapi au kama alizikwa. Ng'ombe wao walichukuliwa kulisha askari. Uwele ukatolewa ghalani. Kisha Waingereza wakaja, wakawafukuza Wajerumani, wakachukua walichobakiza wenzao, na wanaume waliobaki nao wakabebeshwa. Ndipo mvua nayo ikakosekana. Mama yake akamshika mkono, akatembea naye siku mbili mpaka kwenye mji wa watu ambao bado walikuwa na chakula, akamwacha pale, akapewa kikapu cha uwele. Bibi alikuwa bado hajang'oa meno ya utoto. Alikulia hapohapo, na mama yake hakumwona tena.

Wakati huo sisi tunauita mtunya. Ukiwauliza Wagogo kumi maana yake, kila mmoja atakueleza kivyake, lakini bibi alisema ni kugombania, kunyang'anyana, kila mtu na roho yake. Siyo jina la jua kali. Tuna maneno mengine ya jua kali.

Na mimi, mjukuu wa huyo mtoto wa kikapu cha uwele, nilimchekesha mpakia magunia kwa kumkejeli bibi alipouliza swali pekee la maana lililowahi kuulizwa kwenye kile kibanda. Ndiyo maana nilimkubalia yule kijana wa filamu haraka vile. Nilisema, safari hii nitalipa swali lake heshima yake.

Huyo kijana, wote tulimwita dairekta. Siyo mtu mbaya, niseme mapema. Mpole, shikamoo haimpungui, anasikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Aliamua picha za jeshi zipigwe Kolo, kule Kondoa, kwa sababu mawe ya kule yana mvuto. Alihitaji vijana wenye miili, nikamletea wapakiaji kumi na wawili kutoka sokoni Kibaigwa, maana mimi pale ni mwenyeji. Wakavishwa kaki, wakafungwa vitambaa miguuni mpaka magotini, wakapewa bunduki za mbao. Mweh! Ungewaona. Walitembea kama wanaenda kuoa.

Nikamfuata dairekta. "Wapagazi wako wapi?"

"Mzee wangu, hao tutawataja kwenye maelezo yako. Utasema wewe mwenyewe."

"Kutaja siyo kuona."

"Ni kweli, lakini skrini ina lugha yake. Watu wanabeba mizigo, wanatembea tu, hakuna tukio hapo."

Nikamuuliza amezaliwa wapi. Kariakoo, akasema, kifua mbele, kama watu wa huko walivyo. Nikamuuliza Kariakoo maana yake nini. Akasema ni soko. Nikampa vidonge vyake palepale juu ya jiwe: hilo ni jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, babu zetu wakalikunja kwa ulimi wao, na hapo unapojivunia kuzaliwa palikuwa kambi yao. Umezaliwa juu ya mizigo yao na filamu yako haina hata mzigo mmoja. Uso ulimshuka. Akasema basi vijana sita wavue kaki, wabebe masanduku.

Hapo ndipo nilipokutana na jambo ambalo sikulitegemea. Vijana waligoma, wote kumi na wawili.

"Mzee," mmoja akaniambia, mrefu, mabega mapana, mtu ambaye siku ya soko anajaza lori la magunia na mwenzake mmoja tu, "mimi nibebe gunia Jumatatu mpaka Jumamosi, halafu siku nimeitwa kwenye filamu nibebe tena? Mchumba wangu si ataniona?"

"Ndiyo akuone! Babu wa babu yako alibeba hivyohivyo."

"Thubutu! Kwetu walikuwa askari."

Nikamuuliza wa pili. Kwao walikuwa askari. Wa tatu, askari. Nilipita mstari mzima, hakuna hata mmoja aliyetoka kwenye ukoo wa kubeba. Sasa jeshi hilo lilitembea kutoka baharini mpaka huku kwa miujiza gani, risasi zinaota njiani? Lakini nilipowatazama machoni sikuona uongo. Waliamini. Tangu utoto wao kila mtu wa maana waliyemwona kwenye skrini alikuwa na bunduki, na wasiokuwa na bunduki walikuwa wanakufa nyuma, bila majina. Unamtegemea kijana achague babu yupi? Mimi ndiye niliyekuwa nawatafsiria baba zao hao mashujaa.

Basi nikavua shati langu la kola nililovalia safari, nikafunga shuka la kaniki kiunoni, nikaomba ngata. Nikabeba sanduku mwenyewe. Nina miaka hamsini na kitu na nyonga inayolalamika kila masika. Nilipanda kile kilima huku wale vijana wanacheka, na dairekta akipiga kelele, "Mzee, polepole, utaanguka!" Niliporudi chini akasema picha haikukaa sawa, nirudie. Nikarudia. Mara ya tatu yule mrefu alikuja, uso kaukunja, akaninyang'anya sanduku. "Lete huku, mzee, unabeba vibaya. Utajivunja shingo bure." Akalitupa begani, maana hakuna anayejua kubeba kama yeye, na wengine wanne wakamfuata. Mgongo uliniuma siku tatu. Kwenye filamu sehemu hiyo ni fupi, ukipiga chafya hukuiona, lakini ipo.

Wiki iliyofuata nikampeleka dairekta kwa shangazi yangu, kijijini nyuma ya Kibaigwa. Shangazi ni dada wa baba, mtoto wa mwisho wa yule bibi, amevuka themanini, na ndiye aliyebaki katika ukoo wetu aliyeyasikia haya kutoka kwa mwenyewe. Alikaribisha wageni vizuri, salamu ya mbukwenyi, viti, maji ya kunawa, ugali wa uwele na mlenda. Kamera zikiwa zinafungwa akaniita nyuma ya nyumba, kama anataka kunionyesha mbuzi.

"Mama yangu ulimcheka mbele ya watu," akasema.

Miaka yote hiyo nilidhani hakuna anayejua.

"Aliniambia. Hakukulaani, alisema ni mtoto tu. Mimi sijasema wewe ni mtoto." Akanishika kifundo cha mkono, na mkono wake ni mkavu na una nguvu. "Haya ninayokwenda kusema ni ya mama yangu. Sitayasema mara ya pili, nimechoka. Yakitoka kwenye hiyo runinga yamegeuzwa, usikanyage tena hapa. Nikifa, nizikwe na wengine, wewe usije."

Alisema vile, usije kwenye msiba wake. Kwetu hakuna tusi zito kama hilo. Nikaapa.

Alisimulia mchana wote kwa Kigogo, kanga mabegani, macho hayakwenda kwenye kamera hata mara moja. Mimi nilikaa chini pembeni, natafsiri kwenye daftari. Neno mtunya alilisema mara nyingi. Alisema kila kitu nilichokueleza na zaidi, na alipofika kwenye kikapu cha uwele dairekta mwenyewe alitoa leso. Mwisho wakamletea fomu ya kukubali sura yake itumike. Nikamsomea yote, akaweka dole gumba.

Kurekodi sauti yangu tulifanyia hapahapa Ipagala, kwenye chumba cha kupanga kilichobandikwa magodoro ukutani ili kelele za nje zisiingie. Fundi wa mitambo akanisogezea maikrofoni, dairekta akanipa karatasi. Nikafika sehemu ya shangazi. Yeye anaonekana anaongea, na sauti yangu inamtafsiri juu yake. Imeandikwa: "Mama yangu alitolewa kwa watu wakati wa ukame."

"Shangazi hakusema ukame."

"Najua, mzee wangu. Lakini mtu wa Dar, mtu wa Mombasa, mtunya hatalijua. Ukame analijua. Na mvua si kweli ilikosekana?"

"Ilikosekana. Ilikuwa inakosekana na kabla ya hapo pia, na watoto hawakuuzwa kwa kikapu."

"Tukianza kueleza pale filamu itasimama. Ni neno moja tu, mzee."

Neno moja tu! Nikainamia karatasi kwanza, maana nilitaka kusema kitu ambacho kingeniondoa kwenye ile kazi. Mgogo akienda mjini, kabla hajaweka begi chini, keshaitwa ombaomba. Watani wetu wanatutania hivyo na tunacheka nao, utani ni utani. Lakini wako wasio watani wetu wanaosema kwa uso mkavu kwamba Ugogo ni jua na njaa, kwamba watu wa huku wamezoea kuomba tangu asili. Filamu hii ikisema ukame, itakuwa imewapa ushahidi, tena kwa sauti yangu, tena juu ya uso wa shangazi yangu. Nikasoma: "Mama yangu alitolewa kwa watu wakati wa mtunya." Akaniomba nirudie. Nikarudia vilevile. Mara ya tatu nikalisoma silabi kwa silabi, m-tu-nya. Dairekta akapumua. "Sawa, mzee. Imepita."

Nilitoka pale nimevimba kichwa. Jioni hiyohiyo nikampigia shangazi simu. "Limebaki," nikamwambia. "Neno lako limebaki."

Filamu ilionyeshwa kwanza kwenye ukumbi mmoja mjini, siku ya Jumamosi mchana. Watumishi walikuja na familia zao, wanafunzi wa vyuo, wapakiaji wangu wamenyoa na kuvaa mashati ya sikukuu. Binti yangu alikaa kushoto kwangu, shangazi kulia. Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Watu walipoona askari wanapita kwenye mawe ya Kolo walipiga makofi. Shangazi akanong'ona, "Hao ni watoto wa sokoni," akacheka kidogo.

Kisha akatokea yeye mwenyewe, uso mzima, mkubwa kama ukuta. Kigogo chake kikasikika kidogo, kikashushwa, ikapanda sauti yangu nene: "Mama yangu alitolewa kwa watu wakati wa..." Na hapo, katikati ya koo langu, ikatoka sauti nyembamba ya kijana asiyezidi miaka ishirini na mitano: "...ukame." Halafu mimi tena, naendelea, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ukumbi uliangua kicheko. Nani asingecheka? Mzee anaongea, katikati anageuka mvulana, anarudi kuwa mzee. Nilijua hiyo sauti, ilikuwa ya fundi wa mitambo. Walikata neno langu wakachomeka lake. Masikio yaliniwaka moto. Shangazi alinishika mkono palepale aliponishika nyuma ya nyumba.

"Aliyesema hapo ni nani?"

"Siyo mimi, shangazi."

"Najua siyo wewe. Amesema nini?"

Nikamwambia. Kiswahili cha shangazi ni cha sokoni, cha kutafuta maneno, lakini kinatosha. Akainuka. Mbele yake uso wake mwenyewe bado ulikuwa unaongea, naye akaupazia sauti. "Zimeni!" akasema. "Zimeni hiyo kitu!"

Watu wakamgeukia. Mtu mmoja nyuma akasema bibi akae, tunataka kuona. Yule kijana mrefu wa Kibaigwa akasimama na mabega yake yote: "Hakai! Bibi aseme!" Dairekta akafanya ishara, picha ikaganda, mdomo wa shangazi uko wazi kwenye skrini.

"Bibi, samahani," dairekta akasema akija mbio. "Ni kuwarahisishia watazamaji. Ukame siyo tusi, ni neno tu la..."

"Ukame mimi najua," shangazi akamkata. "Nimezaa nao, nimelima nao. Ukame ukija, sisi tuna ng'ombe. Unapeleka ng'ombe kwa watu wenye uwele, unapata chakula, mtoto anakaa nyumbani. Ng'ombe ndiyo ghala. Sasa ng'ombe za babu yangu zilikuwa wapi? Askari wamekula. Wa kwanza wamekula, wa pili wamekula. Na mwenyewe yuko wapi? Kabebeshwa mzigo. Nyumbani kuna mama na mtoto, basi. Hapo ndiyo mvua ikakosa. Wewe unasema jua ndiyo lilimtoa mama yangu. Jua lina mikono ya kufungua zizi?"

Binti yangu alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Nitoe humo," shangazi akasema.

"Bibi, uliweka dole gumba kwenye fomu..."

"Niliweka kwa maneno yangu. Haya siyo maneno yangu. Nitoe."

Dairekta alinitazama mimi, kama vile mimi ningemsaidia. Nikasimama upande wa shangazi yangu, nikasema kwa ile sauti ya gari la matangazo, isiyohitaji kipaza sauti, kwamba kama yeye anatoka na mimi natoka, sauti yangu yote, toka salamu ya mwanzo mpaka ya mwisho, watie ya huyo mvulana wao. Watu wakapiga makofi. Sikuyataka yale makofi. Nilimtazama shangazi nione kama amesikia, lakini alikuwa anamtazama dairekta tu.

Dairekta, nimpe haki yake, alikaa kwenye kiti cha karibu kama mtu aliyekatwa miguu. Akasema polepole, "Naomba mje studio, wote wawili. Bibi atalisema mwenyewe."

Tulikwenda Jumanne. Shangazi alikuwa hajawahi kuona chumba chenye magodoro ukutani. Akaniuliza nani amelowanisha vitanda. Wakamkalisha, wakamvisha spika za masikioni juu ya kilemba chake. Fundi wa mitambo, yuleyule mwenye sauti nyembamba, alimwamkia huku anatazama viatu vyake. Dairekta akapiga magoti mbele ya shangazi, akamweleza: ile nafasi waliyokata ni fupi, inatosha neno moja, taa nyekundu ikiwaka aseme "mtunya" halafu anyamaze.

Taa ikawaka. Shangazi akasema mtunya. Akavuta pumzi, na hakunyamaza.

Akaanza kuwataja ng'ombe. Mama yake aliwajua wote, mmojammoja, na alimfundisha yeye akiwa msichana, wakiwa shambani wanapalilia. Yule mweusi mwenye doa jeupe pajani, aliyekuwa anaongoza wengine kwenda majini. Yule mwekundu mwenye pembe moja iliyoshuka. Yule wa kijivu aliyetolewa mahari na akarudishwa. Yule jike mwenye mimba, ambaye askari hakusubiri azae. Sikuwahi kumsikia akiwataja, wala baba yangu hakuwahi kuniambia kwamba wanajulikana. Alikwenda hivyo, zizi zima, bila kuharakisha, na alipomaliza ng'ombe akataja jina la yule babu aliyebebeshwa mzigo, na la mama aliyeondoka na kikapu. Hayo majina siyaandiki hapa, ameyaweka mwenyewe mahali pake. Fundi alisahau kuzima taa. Dairekta alikuwa bado amepiga magoti. Mimi nililia, sitaficha, na katikati ya kulia nikasema, "Shangazi, nisamehe kwa ajili ya bibi," naye akanyoosha kiganja, ishara ya kwamba ninyamaze, anaongea. Sehemu hiyo yote imo kwenye filamu inayozunguka sasa, na kiganja kinasikika kikigonga maikrofoni, na wapo wanaolalamika kwenye simu zao kwamba bibi anaongea mno.

Alipofika mwisho alizivua zile spika taratibu, akazilaza mezani vizuri kwa sababu siyo mali yake, akakifunga kilemba upya. Kisha akamgeukia dairekta.

"Haya," akamwambia. "Sasa kata, nikuone."